Koti la Zamani la Kompyuta Mpya

Ninyi mlizaliwa mkakuta kompyuta zimekwisha kuwa nyeusi, na kwenu hilo halina swali. Nikimwonyesha kijana wa Butembo sanduku la kompyuta la rangi ile ya zamani, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, ananicheka usoni na kuniuliza kama lilifika na wamisionari wa kwanza. Ninamwacha acheke. Nimefungua masanduku hayo Butembo na Beni tangu ujana wangu, mpaka macho yalipokataa kuona skrubu ndogo, na kila nikiiona rangi ile moyo unanishika. Nitawaeleza kwa nini, lakini msiniharakishe. Fundi mstaafu akiharakishwa anasahau alipofika, kisha anaanza tena mwanzo, na hasara ni yenu.

Sanduku ninalosema ni ile nyumba ya chuma na plastiki ambamo viungo vyote vya kompyuta ya mezani vinakaa, ile yenye kitufe cha kuwashia. Ofisini waliliita unité centrale. Sisi mafundi tulisema sanduku, tukaelewana.

Rangi yake ya kwanza haikuwa na jina kwetu. Wateja walisema nyeupe, na haikuwa nyeupe. Wenye Kifaransa chao walisema beige. Mzee Paluku, aliyenifundisha kazi, alisema rangi ya meno, na hilo ndilo jina lililobaki mdomoni mwangu. Masanduku yalifika kutoka Dubai na meno ya mtoto. Miaka mitatu minne karibu na dirisha, yakawa na meno ya mvuta tumbaku. Tena hayakuzeeka kwa pamoja. Uso wa plastiki uligeuka njano, chuma cha pembeni kikabaki vilevile, na kile kidomo cha kuingizia disketi kilikuwa na rangi yake ya tatu kwa sababu kilitoka kiwanda kingine. Ukinipa sanduku la zamani hata leo, nitakuambia lilikaa upande gani wa dirisha kwa kutazama shavu lililoungua.

Mzee Paluku alikuwa fundi wa redio na mashine za kuandikia, Butembo mjini. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa kwake hakutetemeka. Aliizunguka mara mbili, akaigonga kwa kidole, akasema, "Hii ni redio yenye inanyamaza. Tufungue, tuone juu ya nini inanyamaza." Nilikuwa karibu naye, na siku hiyo niliamua nitakuwa fundi wa kitu hicho kinachonyamaza.

Alinifundisha kwamba mkono unatangulia turnevisi, hiyo bisibisi yetu. Kabla ya kufungua, weka kiganja juu ya sanduku, usikie joto limekaa wapi na feni inatetemeka vipi. Matundu yote ya nyuma uyazibe kwa karatasi ngumu, maana ukiacha moja wazi mende wanahamia na familia zao. Vumbi letu jekundu ulipulize kwa pampu ya baiskeli, usipulize kwa mdomo, kwani mdomo una mate. Na ujihadhari na vyuma vya ndani, maana masanduku ya zamani yalikatwa ovyo na kingo zake zilikuwa wembe mtupu. Tazameni vidole vyangu, kila kovu lina mteja wake. Halafu kulikuwa na desturi yake moja ambayo sikuiona kwa mwingine. Kila sanduku alilolifunga, aliandika ndani ya kifuniko kwa penseli: mashine ni ya nani, ndani mna nini, nani aliigusa mwisho. "Mutu akifungua kesho, asiulize ukuta," alisema.

Siku moja alikwenda msibani, nikabaki na mashine ya mwalimu mmoja. Ilikuwa imegeuka njano hasa, nami nilitaka Mzee arudi aikute imekuwa bibi harusi. Nikaubandua uso wa plastiki, nikausugua kwa javel, ile dawa ya kufulia nguo nyeupe, nikauanika juani. Ulipokauka ulikuwa na mabaka, meupe hapa, kahawia pale, na maandishi ya vitufe yote yamekwenda na maji.

Mzee Paluku alirudi, akautazama.

"Donc unafua mashine sawa suruali?"

"Papa, nilitaka irudilie mupya."

"Mupya iko ndani. Ya inje ni ngozi. Ngozi inazeeka, uiache."

Mwenye mashine alikuwa anafundisha jiografia. Alipokuja, aliyasoma yale mabaka kwa muda mrefu na miwani yake, akasema Ziwa Edouard analiona vizuri, ila mto Semliki nimeuweka upande mubaya. Aliichukua hivyohivyo, na kila mwaka alikuwa akiwaonyesha wanafunzi.

Umbo nalo lilibadilika. Zamani sanduku lililala chali na kioo, ile skrini ya kusomea, kikapanda juu yake, mzigo mmoja, meza inalia. Baadaye likaja sanduku la kusimama, na watu wetu hawakulipenda. Waliona linaweza kuanguka, na kioo kingekaa wapi? Wakalilaza ubavu, wakapandisha kioo juu kama walivyozoea, na juu ya yote mama wa nyumba au sekretere akatandika kitambaa cha kufuma chenye maua. Kitambaa hicho kilitulisha miaka mingi. Ofisi moja ilituita mara tatu kwa mashine iliyokuwa inazima kila siku kabla ya saa sita. Nilibadilisha kebo, nikabadilisha feni, nikasali. Mzee Paluku alikuja mwenyewe, akainua kitambaa, akamuuliza yule mama kwa upole, "Mama, na weye, bakufunike kichwa na blanketi mu jua, utapika?" Wamama hawakuacha kufunika, lakini tangu siku hiyo walikuwa wanaacha tundu la kupumulia katikati ya maua, na wengine walilifuma kwa uzi wa rangi nyingine ili lionekane ni la makusudi.

Rangi nyeusi iliingia wakati wa vita, na iliingia kama bwana. Mfanyabiashara mmoja alirudi kutoka Dubai na mashine nyeusi tii, yenye uso wa fedha na taa ya buluu. Katika wiki moja wenzake wote waliona aibu na meno yao. Wakaja kwetu: tupakeni nyeusi. Nilipeleka sanduku la mmoja wao kwa wapaka magari, tukalipuliza rangi ya gari nzuri sana, tabaka mbili. Liling'aa, mtu angeweza kuchana nywele mbele yake. Ila niliacha kuziba kwa karatasi ule mlango wa kusomea diski, na rangi ikaugandisha. Mwenyewe alibonyeza, mashine ikanguruma ndani kama mtu aliyefungiwa chooni. Nilifungua kwa kisu mbele ya wageni wake. Hakunipa tena kazi, na mkewe alinisalimia kwa kicheko mpaka alipohamia Kampala.

Baada ya hapo zikaja za buluu ya kupenya macho, za kijivu, za dirisha pembeni ili uone viungo vikifanya kazi kama utumbo, kisha nyeusi tena, ndogo, nyepesi, bila kovu kwa fundi. Sizichukii. Lakini hakuna hata moja iliyonifanya nipande lori kwenda Beni nikiwa nimenyoa ndevu.

Beni nilikwenda kwa ajili ya Kavira.

Alikuwa sekretere katika ofisi ya kanisa moja la Waprotestanti. Mimi ni mkatoliki, mtoto wa katekista, na nyakati zile hilo lilitosha kumfanya kijana apime maneno yake. Kwa hiyo nilipima. Nilimpenda kwa miaka mitatu na sikumwambia. Nilimwambia habari za feni, za kebo, za umeme wa jenereta unaopanda na kushuka. Aliandika bila kutazama vidole, na akifikiri aliuma kifuniko cha kalamu upande mmoja wa mdomo. Nikikumbuka hilo leo, mimi mwenye wajukuu, bado linaniuma.

Kazi yake ilikuwa orodha. Watu walikuwa wanakimbia vita ya kaskazini, wanashuka kwa miguu, na njiani watoto walipotezana na wazazi. Familia za Beni, za Mbau na Oicha kule kando ya barabara, ziliwapokea. Kavira aliandika kila mtoto: jina, baba na mama, kijiji, alama ya mwilini, na nyumba anamolala. Mzazi akifika, anakwenda kwa Kavira, na Kavira anamwambia nyumba. Mnajua majina yetu Wanande, yanafuata zamu ya kuzaliwa. Ukiita Kambale sokoni, wanageuka ishirini. Msichana wa kwanza ni Masika, na kila nyumba yenye wasichana ina Masika wake. Jina peke yake halikumrudisha mtoto kwao. Kilichomrudisha ni ule mstari mzima.

Kanisa lilikuwa limepewa kompyuta moja mpya, nyeusi, ya uso wa fedha. Mwenye bunduki akiingia ofisini wakati ule alichukua kinachong'aa. Wenye bunduki walikuja mara ya kwanza mashine ikiwa kwangu Butembo, feni yake inalia. Walibeba redio, viti vya plastiki, na madaftari yote ya Kavira, wapate karatasi za kuvutia tumbaku. Karatasi za kuchapia hazikuwapo, wino ulikuwa umekauka, na disketi mbili alizokuwa nazo zilikuwa zimeota ukungu. Orodha yote ikabaki ndani ya mashine ile, mahali pamoja tu.

Nilipoirudisha, Kavira aliiweka mezani, hakuiwasha.

"Kakule, bakirudi tena, batabeba hii. Inang'aa sana."

"Tutaivalisha," nikamwambia.

Nilikuwa na sanduku bovu la rangi ya meno, la zamani kabisa, shavu limeungua, kitufe kimoja hakipo. Nikairudisha ile nyeusi Butembo, nikautoa utumbo wake wote, nikautia mle. Haikuwa kazi ndogo. Kadi kubwa ya ndani haikukaa kwenye nafasi za zamani, nikatoboa matundu manne mapya. Sehemu ya nyuma haikulingana, nikaikata kwa mkasi wa bati na kidole changu pamoja. Nilipomaliza, ilikuwa kompyuta ya kisasa ndani ya koti la babu. Mzee Paluku aliizunguka mara mbili, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniuliza, "Umeandika mu kifuniko?"

Nikamjibu siandiki, kwani askari akifungua akasoma, hila imekwisha. Alirudisha penseli yake mfukoni.

Kwenye kizuizi cha barabara ya Beni, askari mmoja aliliona gunia langu.

"Oyo nini? Hii makorokoro unaipeleka wapi?"

"Ni mashine ya kanisa, chef."

"Inatumika?"

"Inajaribu, chef."

Alinionea huruma, akaniacha nipite bila kuniomba hata sigara.

Kavira alipoiona alifunika mdomo kwa mkono. Kisha akauliza, "Nimuambie Papa pasteur?"

"Hapana ambia mutu. Ukiambia pasteur, ataambia kamati. Na kamati itaiombea ku kanisa mbele ya bote."

Akacheka. Nilifurahi kwamba nimemchekesha, na nilifurahi zaidi kwamba sasa tuna siri, mimi na yeye, jambo ambalo hakuna mwingine Beni analijua. Msidhani nilinyamaza kwa ajili ya usalama peke yake. Nilitaka kuwa na kitu kimoja naye.

Waliokuja mara ya pili walitafuta kila chumba. Mmoja alilisukuma sanduku kwa mguu, akamuuliza Kavira kama wanalitumia kupikia. Wakaenda zao. Habari ikafika Butembo, na wateja waliojua kunyamaza, walioniona dukani nikiivalisha, wakaja kuomba koti la zamani. Nilivimba kichwa. Nilifikiri nimeishinda vita kwa turnevisi.

Halafu shangazi yake Kavira alikufa Oicha, naye akaenda kilioni, akakaa huko siku kumi na zaidi kwa sababu barabara ilifungwa. Wakati huohuo kanisa likapata wageni, na wageni wakaleta mashine mbili nyeusi, mpya. Shemasi mmoja, mtu safi, mwenye kupenda kila kitu mahali pake, alipanga ofisi ili wageni waone heshima. Alipanga meza, akafagia, akaweka maua, akaona kile kizee cha njano kwenye kona, na kama wote alidhani ile nyeusi ilikwisha kubebwa na wenye bunduki. Aliona aibu kwa niaba ya kanisa. Akampa fundi wa mabati karibu na soko, bure, kwa moyo mwema, atengeneze mbabula, majiko ya makaa.

Kavira alirudi Jumatatu. Jumanne dereva wa lori alisimama mbele ya duka letu Butembo, akaniambia, "Sekretere ya Beni anasema ukuye. Alisema vile tu." Niliondoka bila kuaga.

Tulikwenda pamoja kwa yule fundi wa mabati. Alikuwa mtu mwenye kucheka, amekaa katikati ya vyuma vyake. Mbabula mbili zilikuwa mbele yake, na pembeni mwa moja niliona rangi ya meno na matundu yangu manne. Alikuwa ameyaacha, hewa ipite.

"Na ya ndani?" nikamuuliza. "Kulikuwa kisanduku kidogo, kizito, sawa kitabu."

"Ah, ile. Niliipasua. Ndani iko kioo muzuri sana, sijaona kioo sawa ile."

Akanyosha mkono kwenye nguzo ya kibanda chake. Pale msumarini ilining'inia diski yenyewe, duara, yenye tundu katikati, inang'aa. Mtu mmoja alikuwa amesimama mbele yake na wembe na povu, ananyoa. Ninyi mmezoea vitu kuhifadhiwa hewani, labda hamjui kwamba wakati ule kila tulichoandika kilikaa juu ya kisahani kile cha kung'aa. Ukikigusa kwa kidole tu, kwisha. Kile kilikuwa kimepanguswa kwa kanga asubuhi zote za wiki.

Nilimwambia ni kitu gani. Yule fundi aliacha kucheka. Alimwambia mteja atoke, akakitoa msumarini, akampa Kavira kwa mikono miwili.

"Mama, mungeandika hata neno moja mule ndani," alisema. "Minajua kusoma."

Kavira alikitazama. Ninadhani alijiona mwenyewe tu, kwani hakuna kingine cha kuona mle. "Kakule," akasema, "haiwezekani?"

"Haiwezekani."

Hakunigombeza, si siku hiyo wala nyingine. Angenigombeza ningepona upesi.

Tulichofanya ni kuanza upya. Nilimwomba Mzee Paluku ruhusa, nikakaa Beni karibu miezi miwili. Tulikwenda nyumba kwa nyumba, kwa baiskeli na kwa miguu, Beni, kisha Mbau, kisha Oicha pale barabara ilipofunguka. Kavira aliuliza, mimi niliandika katika daftari kwa mwandiko wangu mbaya, naye akanisahihisha. Tulikula maembe na mihogo ya watu. Mvua ilitukuta kwenye mashamba ya kakao tukasimama chini ya mfuko mmoja wa plastiki, na nilikuwa na kosa kubwa shingoni, na vita ilikuwa pande zote, na sijawahi kuwa na furaha kama ile tangu nizaliwe. Nimeoa, nimezaa, ninamheshimu mke wangu. Lakini mkiniuliza ningerudishwa wapi kama ningerudishwa, ningesema pale, kwenye kakao, na daftari tumboni ndani ya shati lisilowe.

Tuliwapata karibu wote. Wachache hawakupatikana, kwa sababu familia zilizowapokea zilikuwa zimehama nao, zingine kuelekea Manguredjipa kwenye dhahabu, zingine hakuna aliyejua wapi. Wale walikuwa ndani ya kile kioo, na popote pengine hawakuwa.

Mama mmoja alifika miezi michache baadaye. Alikuwa ametembea kutoka kaskazini, miguu imevimba. Alimtafuta binti yake Masika, wa miaka saba, mwenye kovu la moto juu ya mkono. Waliachana usiku wa kukimbia, na mtu alimwambia mtoto alionekana na watu waliokuwa wanashuka Beni. Kavira alipekua daftari lote. Walikuwamo Masika wengi, hakuna mwenye kovu.

"Mama," Kavira akamwambia, "mu orodha ya kwanza kulikuwa ba-Masika mingi. Wako, sikumbuki. Siwezi kukudanganya."

"Lakini labda ulimuandika?"

"Labda, Mama. Sijui."

Akawa anarudi kila Jumamosi. Anaketi kwenye benchi mbele ya zile mashine mbili nyeusi, anauliza kama Kavira amekumbuka. Kavira anasema bado. Niliwakuta hivyo mara nyingi, wanawake wawili wanatazamana, mmoja anaomba kumbukumbu na mwenzake hana. Kavira alikonda. Mjomba wake akamtafutia kazi Kampala, naye akakubali. Siku aliyoondoka nilimbebea sanduku lake la nguo mpaka kwenye gari. Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu Butembo, nimeyapanga vizuri. Alisimama akisubiri, ninajua alisubiri. Nikamwambia mashine za ofisi nitazisafisha feni kila mwezi. Akasema, "Asante, Kakule," na gari likaondoka. Sikumwona tena, na ninamkumbuka karibu kila siku.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa ofisini, ninasafisha feni kama nilivyoahidi, Mama Masika akaingia. Akaambiwa Kavira amekwenda. Akakaa kwenye benchi, kisha akanigeukia.

"Na weye, fundi. Ulikuwaka hapa wakati alikuwa anaandika batoto?"

"Nilikuwaka, Mama."

"Uliona jina ya mutoto wangu?"

Ningepaswa kumwambia kuhusu koti. Ningepaswa kumwambia: ni mimi. Nilimtazama miguu yake, nikasema, "Niliona, Mama. Masika, na kovu ya moto ku mukono."

Alifumba macho. "Donc alifika Beni," akasema. "Alifika muzima, akaandikiwa." Akaanza kulia kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akilia, mwili wake wote umelegea, kama mtu aliyetua mzigo. Sikuweza tena kurudisha neno langu.

Ninawaambia ninyi, kwa kuwa hamkuwapo na hamwezi kumwambia. Sikuona jina lile. Sikuona jina lolote. Kila mara Kavira alipokuwa akiandika watoto, nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya meza, ninatazama kama kifuniko kimekaa sawa na rangi zinapatana, nikijisifu moyoni. Kioo cha kusomea kilikuwa kimewaka juu ya kichwa changu, na sikuinua uso hata mara moja.

Mama Masika alihamia Butembo baada ya vita. Amezeeka, anauza sombe, majani ya muhogo, upande wa juu wa soko. Nikipita hanisalimii kwanza. Anauliza, "Papa Kakule, uliona?" Ninasema, "Niliona, Mama." Kila mwaka anaomba kitu kimoja zaidi. Mwaka mmoja aliuliza ni mstari wa ngapi, nikamwambia wa tatu. Mwaka mwingine aliuliza kama Kavira aliandika jina la baba wa mtoto pia, nikamwambia ndiyo.

Juzi alinishika mkono, akauliza kitu ambacho hakuwahi kuuliza.

"Kavira, wakati alikuwa anamuandika, mutoto alikuwa anasimama pale karibu naye?"

"Alikuwa pale, Mama," nikamwambia. "Alikuwa anasimama pale karibu na mashine."

"Na alikuwa analia?"

"Hapana, Mama. Alikuwa ametulia."

Akaniachia mkono, akanifungia fungu la sombe, akaniambia nimsalimie mke wangu.